Siku Nne Andalus na Mama: Dini Waliyoificha Wanawake Majumbani



Tangu niweke picha za safari yangu na Mama, maswali mliyoniletea zaidi ni matatu: viza ilikuwaje, chakula cha halali kinapatikana, na ile abaya ya kijani nimeishona kwa kitambaa gani. Nitayajibu mwishoni, insha'Allah. Kwanza naomba mnivumilie nikusimulieni historia, kwa sababu nimerudi na jambo limenikaa kifuani, na naona linatuhusu sote, hasa nyinyi mnaojitayarisha kuolewa.

Tulikwenda Hispania ya kusini, miji miwili tu, Córdoba na Granada. Mama ana miaka 66 na magoti yake hayapendi vilima, kwa hivyo sikutaka kumkimbiza huku na huku. Habari za Andalus alizisikia akiwa mtoto chuoni. Alichobaki nacho ni kwamba Waislamu walikaa kule karibu miaka 800, wakajenga, wakasoma, halafu wakaondoka. Nilipomuuliza anataka kuona nini hasa, alinijibu, "Nataka nijue waliondokaje. Watu hawaondoki hivi hivi, mwanangu."

Basi hilo ndilo swali tulilokwenda nalo.

Kijana aliyekimbilia kwa wajomba

Waislamu waliingia Hispania mwaka 711, jeshi likiongozwa na Tariq bin Ziyad. Lakini Córdoba tunayoisikia ilianza na kijana mmoja mkimbizi. Mwaka 750 ukoo wa Banu Umayya ulipinduliwa na Banu Abbas, na jamaa wengi wa ukoo huo wakauawa. Abdulrahman bin Muawiya, kijana wa miaka kama 20, akanusurika. Alikimbia kutoka Sham, akapita Misri na Afrika ya Kaskazini akijificha kwa miaka. Alipokosa pa kushika alikwenda kwa kabila la Nafza, Waberiberi. Kwa nini hao? Kwa sababu mama yake alikuwa wa kabila hilo. Huko ndiko alikopata hifadhi mpaka akavuka bahari, na mwaka 756 akawa mtawala wa Córdoba.

Mama alipenda sana hapo. "Unaona? Dunia ilipomkataa, alikwenda kwa wajomba."

Karibu na mwisho wa maisha yake, mwaka 785 hivi, Abdulrahman alianza kujenga msikiti mkuu. Watawala waliomfuata wakauongeza mara tatu, mpaka ukawa miongoni mwa misikiti mikubwa kabisa duniani wakati huo. Ukiingia leo unakutana na msitu wa nguzo. Ziko zaidi ya 850. Juu yake kuna matao ya mistari, jiwe jeupe na tofali jekundu, mstari kwa mstari mpaka macho yanachoka.

Mimi ni fundi wa nguo, kwa hivyo niliangalia vilivyounganishwa. Nguzo nyingi za mwanzo zilitolewa katika majengo ya zamani ya Warumi na Wavisigothi, kwa hivyo hazilingani urefu wala rangi, na nyingine ni fupi kwa ukumbi mkubwa namna ile. Mafundi wakafanya nini? Wakapandisha matao mawili, moja juu ya jingine, ili paa lipande. Ni kama mteja aliyekuletea vipande vifupi vya vitambaa tofauti akataka gauni refu. Fundi mbaya atasema haiwezekani. Fundi mzuri ataunganisha, na ile maunganisho ndiyo itakayokuwa pambo la nguo.

Mihrabu iliyopo ni ya Hakam wa Pili, ya miaka ya 960. Imepambwa vijiwe vidogo vya kioo na dhahabu, kwa ufundi ulioletwa kutoka Constantinople, kwa mfalme Mkristo wa Byzantium. Aya zimezunguka mlango wake kwa maandishi ya Kufi. Mama alitoa simu yake kuangalia kibla akakuta mihrabu imeelekea kusini zaidi kuliko inavyoonyesha simu. Hilo wataalamu wanalijua na wana maelezo yao mbalimbali.

Mwaka 1236 mfalme Ferdinand wa Tatu wa Castile aliiteka Córdoba na msikiti ukafanywa kanisa. Karne ya 16 wakubwa wa kanisa walitaka kujenga kanisa refu katikati ya nguzo. Baraza la mji lenyewe, Wakristo, lilipinga lisivunjwe, lakini mfalme Charles wa Tano akaruhusu, na kazi ikaanza mwaka 1523. Ndiyo maana leo unatembea ndani ya msikiti na ghafla unakuta kanisa limesimama katikati, na dari lake linakwenda juu kabisa.

Jengo ni kanisa kuu la mji mpaka leo, na Waislamu wanaingia kama wageni wengine. Kusali hairuhusiwi. Nilimwambia Mama mapema ili asije akavunjika moyo pale. Alisimama mbele ya kizuizi cha mihrabu muda mrefu, watu wanampita na kamera zao. Niliona mkono wake ndani ya mtandio unahesabu vidole. Tulipotoka kwenye ua wa michungwa nikamuuliza alikuwa anafanya nini. "Nimewasomea Fatiha waliojenga. Kimoyomoyo. Hilo hakuna wa kunizuia."

Yashikeni maneno hayo, nitayarudia.

Wanawake wa kalamu na sindano

Tunapoelezwa habari za Córdoba tunatajiwa makhalifa na mabustani. Wanawake wanapitwa. Lakini wapo.

Alikuwepo Lubna wa Córdoba, katika jumba la Hakam wa Pili. Alikuwa katibu, mwenye hati nzuri, na anasifiwa kwa hesabu, sarufi na mashairi. Hakam ndiye yule aliyekuwa na maktaba iliyovuma, na vitabu vile vilihitaji watu wa kuvinakili na kuvikagua. Wanahistoria wa zamani wanasimulia pia kwamba katika kitongoji kimoja tu cha mashariki ya mji walikuwepo wanawake 170 wakinakili misahafu kwa hati ya Kufi. Fikirieni mtaa mmoja, nyumba kwa nyumba, wanawake wanaandika Qur'ani kwa mkono.

Alikuwepo na Wallada, binti wa khalifa, aliyefariki mwaka 1091. Huyu maisha yake yana mengi ya kujadiliwa na si yote ya kufuatwa. Lakini mwenzenu fundi nilicheka niliposoma kwamba alikuwa akitarizi mashairi yake kwenye nguo aliyovaa, upande huu beti na upande huu beti, ili anayemsema apate jibu bila ya kuulizwa. Sasa hiyo si kanga? Sisi wa visiwani tumelijua hilo zamani, kumjibu mtu kwa maandishi ya nguo huku mdomo umefunga.

Na kwa wapenda mitindo, mwaka 822 alifika Córdoba mwanamuziki kutoka Baghdad aliyeitwa Ziryab. Inasimuliwa kwamba ndiye aliyewazoesha watu wa Córdoba kubadilisha nguo kwa misimu, nyeupe kiangazi na nzito za rangi baridi, na kuleta chakula kwa mpango, supu mwanzo na tamutamu mwisho. Kwa hivyo ukimwona bi harusi anauliza "kwanza tunaleta nini mezani?", jueni swali hilo ni la zamani.

Hakuna mshindi ila Allah

Kutoka Córdoba tulipanda basi kwenda Granada, karibu saa tatu katikati ya mashamba ya mizeituni. Mizeituni mpaka ukasahau kwamba kuna miti mingine.

Miji mikubwa ya Waislamu ilipoanguka mmoja mmoja, Granada ndiyo iliyobaki. Muhammad bin al-Ahmar, wa ukoo wa Banu Nasr, aliingia mjini mwaka 1238 na kuanza ngome juu ya kilima, Alhambra, yaani nyekundu. Ukoo wake ulitawala zaidi ya miaka 250, mara wakilipa kodi kwa Castile, mara wakipigana nayo. Mji uliishi kwa hariri. Mlimani watu walifuga viwavi na kupanda miforosadi, na mjini hariri iliuzwa katika soko lake maalumu, Alcaicería. Soko hilo liliungua mwaka 1843 na lililopo sasa ni dogo, limejengwa upya, na vingi vinavyouzwa ni vitu vya watalii. Niliingia nikitafuta hariri, nikatoka na sumaku ya friji.

Ndani ya Alhambra nilikuwa nimelipia chombo cha masikioni cha maelezo. Sikukitumia sana. Mama alisimama ukutani, akaweka miwani, akaanza kusoma kwa sauti ndogo: wa la ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Allah. Akasogea hatua mbili, akaikuta tena. Juu ya mlango, tena. Kwenye nguzo, tena. Hilo ndilo lilikuwa neno la ukoo ule na limeandikwa kuta nzima, mamia ya mara, kubwa na dogo. Watalii wawili, mume na mke, wakamsogelea wakauliza kwa ishara pameandikwa nini. Mimi nikafasiri. Mama yangu, aliyeacha skuli darasa la saba, alikuwa mtu pekee katika chumba kile aliyekuwa anausoma ukuta.

Hesabu hiyo, nani alimfundisha kusoma, nitairudia pia. Ni bibi yangu.

Mama wa mfalme

Upande wa pili wa bonde kuna mtaa wa zamani wa Waislamu, Albaicín, vichochoro na ngazi kama Mji Mkongwe uliopandishwa mlimani. Humo imo nyumba inayoitwa Dar al-Horra, nyumba ya mwanamke muungwana. Inahusishwa na Aisha al-Hurra, mama wa sultani wa mwisho, Abu Abdillah, ambaye Wahispania wanamwita Boabdil.

Tarehe 2 Januari 1492 Boabdil aliukabidhi mji kwa Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella. Kila mtalii anasimuliwa hadithi ileile: alipofika kwenye njia ya mlimani aligeuka kuuangalia mji mara ya mwisho akalia, na mama yake akamsuta kwamba analilia kama mwanamke kile alichoshindwa kukilinda kama mwanamme. Mahali penyewe panaitwa mpaka leo Pumzi ya Mwisho ya Mwarabu.

Shoga zangu, hadithi hiyo ilienezwa na kiongozi wa kanisa, Antonio de Guevara, miaka zaidi ya 30 baada ya tukio, na wanahistoria wengi hawaikubali. Anayesimulia ni upande ulioshinda. Kinachojulikana kuhusu Aisha ni kwamba alisimama na mwanawe katika ugomvi mzito wa kugombea ufalme na nchi ilipokwenda alihama pamoja naye. Mama alipoisikia alisema, "Hakuna mama wa kusema hivyo mwanawe amekwishaanguka. Angesema njiani kabla." Nikamwona ana akili kuliko vitabu vingi.

Sheria iliyokataza hina

Sasa tunafika kwenye swali la Mama. Waliondokaje?

Hawakuondoka mwaka 1492. Mkataba uliotiwa saini Novemba 1491 uliwaahidi watabaki na dini yao, misikiti yao, makadhi wao na mali zao. Wengi wakaamini, wakabaki. Ahadi ilidumu miaka minane hivi. Mwaka 1499 kadinali Cisneros alifika Granada akaanza kuwabatiza watu kwa nguvu, na vitabu vya Kiarabu vikachomwa moto hadharani. Watu waliinuka, wakashindwa, na kufika mwaka 1502 Waislamu wa Castile yote walipewa mambo mawili, kubatizwa au kuhama. Kuhama kulifanywa kugumu makusudi. Waliobatizwa wakaitwa Wamorisko.

Kwenye karatasi sasa wote walikuwa Wakristo. Basi wakubwa wakaanza kuangalia vitu vya nyumbani. Mwaka 1526 ilitoka amri ya kukataza lugha, nguo na mila zao. Wamorisko walilipa fedha nyingi ili isimamishwe na ikasimama miaka 40. Halafu tarehe 1 Januari 1567, kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili, ikatangazwa upya bila ya msamaha.

Sikilizeni yaliyomo. Kiarabu marufuku kusemwa wala kuandikwa baada ya miaka mitatu. Majina ya Kiislamu marufuku. Mahamamu yabomolewe. Milango ya nyumba iachwe wazi siku za Ijumaa, siku za sikukuu na siku za harusi, ili ionekane ndani wanafanya nini. Wanawake watembee uso wazi. Hina marufuku. Na mafundi wasishone tena nguo za Kimorisko. Aliyekuwa na nguo za hariri alipewa mwaka mmoja wa kuzimaliza, na za vitambaa vingine miaka miwili.

Nguo zenyewe tunazijua, kwa sababu mchoraji Mjerumani, Christoph Weiditz, alipita Hispania mwaka 1529 akawachora. Mwanamke wa Granada akitoka nje alijitanda kitambaa kikubwa cheupe, almalafa, kutoka kichwani, akakishika kwa mkono mbele ya uso. Ukiiona picha ile utadhani ni bibi yako anakwenda mazikoni.

Mzee mmoja Mmorisko, Francisco Núñez Muley, aliandika barua ndefu kuipinga amri ile. Nimesoma maelezo yake na nilimwona kama anazungumza kutoka kwenye meza yangu ya kukatia. Alisema nguo zile ni za nchi, si za dini, kama kila mkoa una zake, na kwamba Wakristo wa Sham na Misri wanavaa na kusema Kiarabu na hakuna anayewaambia si Wakristo. Alisema hina ni ya kusafishia kichwa, na hamamu ni la usafi. Akauliza pia swali la fundi. Mwanamke maskini ana nguo moja, mkimvua hiyo atanunua nyingine kwa fedha gani? Na wauza hariri, mafundi na wafanyabiashara watakula nini?

Hakusikilizwa. Mkesha wa Krismasi 1568 vita vilianza milimani Alpujarras, vikaisha mwaka 1571 kwa damu nyingi. Wamorisko wa Granada walitawanywa sehemu nyingine za Castile. Na kuanzia 1609 mpaka 1614 wote, watu kama 300,000, walifukuzwa nchini. Wengi walifikia Morocco, Algeria na Tunisia, na vizazi vyao wapo huko mpaka leo wakijiita Waandalusi.

Wapo wasiopanda meli. Amri iliyotoka kwa ajili ya Andalusia mwaka 1610 iliwataka wanaokwenda nchi za Kiislamu wawaache watoto wao wadogo, wa chini ya miaka saba, walelewe Kikristo. Hapo niliacha kusoma, nikatoka nje kidogo. Binti yangu ana miaka sita.

Dini iliyokaa jikoni

Lakini hesabuni, shoga zangu. Kutoka 1502 mpaka 1609 ni zaidi ya miaka 100. Hakuna msikiti, hakuna adhana, hakuna chuo, hakuna kadhi. Aliyekutwa anasali alifikishwa mahakama ya kanisa, na adhabu ilifika mpaka kuchomwa moto. Dini iliishi vipi miaka 100?

Iliishi nyumbani, mikononi mwa wanawake. Na hili hatulijui kwa kujisifu wenyewe, tunalijua kwa mafaili ya mahakama ile. Wanawake walishitakiwa kwa kupika kwa mafuta badala ya shahamu ya nguruwe. Kwa kuvaa nguo safi siku ya Ijumaa. Kwa kukoga wakati ambao jirani aliona si wa kukoga. Kwa kutokula mchana katika mwezi fulani. Kwa kumpaka hina mtoto wa kike. Sufuria, karai na kanzu ilikuwa ushahidi.

Mwaka 1504 mwanachuoni mmoja wa Kimaghribi, anayejulikana kama mufti wa Oran, aliwapelekea fatwa akiwaita wageni, yaani wanaoishi ugenini na dini yao. Aliwaambia wasali hata kwa ishara. Watoe zaka kwa jina la zawadi kwa maskini. Kama hawawezi kutia udhu watayamamu hata kwa kupangusa ukuta. Kama wamelazimishwa kitu, nia ya moyo ibaki safi. Niliposoma hayo nilimkumbuka Mama na vidole vyake ndani ya mtandio. Hakuwa ameisoma fatwa yoyote.

Kijana Mmorisko aliyezunguka Hispania kwa siri kutafuta elimu, anayejulikana kama kijana wa Arévalo, ameandika juu ya bibi mmoja wa Granada, Mora de Úbeda, aliyepita miaka 90. Watu walikwenda kwake kuuliza mambo ya dini. Wanavyuoni walikuwa wamekwisha kufa au kuhama, na bibi alikuwepo.

Na walipopoteza Kiarabu, waliandika Kihispania kwa herufi za Kiarabu, kama bibi zetu walivyokuwa wakiandikiana barua za Kiswahili kwa herufi hizohizo. Vitabu hivyo vilifichwa. Mwaka 1884, katika kijiji cha Almonacid de la Sierra, nyumba ya zamani ilikuwa inabomolewa, na chini ya sakafu ya uongo vikatoka vitabu zaidi ya 100. Miaka karibu 300 vilikaa pale, watu wanatembea juu yake.

Swali la Mama

Usiku wa tatu tulimpigia simu ya video binti yangu. Alikuwa na dada yangu. Akatuonyesha jino lililong'oka, akataka zawadi, akauliza kama huko kuna barafu. Mama akamwambia, "Haya mjukuu wangu, nisomee Attahiyyatu nilale." Akaanza vizuri, akakwama. Akarudi mwanzo, akakwama palepale. Akacheka, akakimbia.

Simu ilipokatika Mama hakunikasirikia. Alikuwa anakunja nguo zake. Akauliza, "Nani anamsomesha?"

"Yuko chuoni, Mama. Kila siku anakwenda."

"Chuo nakijua. Na wewe?"

Sikuwa na jibu. Msimu wa harusi nalala saa nane za usiku. Nina mabiharusi wanane wa mwezi mmoja, kila mmoja na dada zake na somo wake na kitambaa chake. Mtoto anakuja dukani kutoka chuoni, nampa simu atulie. Nilitaka kuyasema hayo yote. Lakini mchana nilikuwa nimesoma habari za wanawake waliofundisha watoto wao Fatiha chini ya meza, mlango uko wazi kwa amri ya mfalme, na mimi mlango wangu naufunga nitakavyo. Nilinyamaza.

Mama akaongeza moja tu. "Mimi nilisomeshwa na mama yangu anasuka ukili. Hakuwahi kuuweka chini ukili."

Asubuhi yake, siku ya mwisho, tulipanda taratibu, tunapumzika kila kona, mpaka juu ya Albaicín. Hapo, pembeni ya uwanja wa San Nicolás, upo msikiti mpya uliofunguliwa Julai 2003, baada ya karibu miaka 500 bila ya msikiti rasmi mjini. Bustani yake inatazamana na Alhambra. Tulisali adhuhuri. Mama alisujudu muda mrefu, na alipoinuka magoti yalikuwa yanamuuma na uso umelowa. Sikumuuliza kitu.

Mabiharusi wangu, mkija kwangu mnaniuliza urefu wa shela, aina ya leso, nani apake hina. Nayapenda maswali hayo, ndiyo riziki yangu. Lakini ukishapakwa hina usiku wako, ukaiangalia mikono yako, kumbuka walikuwepo wanawake walioshitakiwa kwa rangi hiyohiyo, na waliendelea. Nyumba unayokwenda kuianza ni chuo, hata kama hujaiita hivyo. Mimi nimeanza upya. Binti yangu anakaa chini ya meza ya cherehani jioni, mguu wangu kwenye pedali, tunasoma mstari mmoja mmoja. Attahiyyatu ameshaimaliza, alhamdulillah. Mama alimsikiliza Ijumaa iliyopita.

Na yale maswali yenu

Viza ni ya Schengen. Anza mapema sana, tayarisha taarifa za benki, na bima ya safari inayofika euro 30,000. Tiketi ya Alhambra inunuliwe kabla, ina saa maalumu ya kuingia kwenye majumba ya Banu Nasr, na pasi yako uwe nayo mkononi. Ukichelewa saa yako hawakungojei. Chakula cha halali Granada kipo, hasa mitaa ya Calderería chini ya Albaicín, kwenye maduka ya Wamoroko. Córdoba sisi tulikula samaki na mboga. Vaeni viatu vya chini, njia ni za mawe. Na abaya ya kijani ni krepu nzito ya kawaida, mita nne na nusu, mikono nimeitia tarizi. Hariri sikuipata.

Wabillahi tawfiq. Mwombeeni Mama magoti.